Kibarua wa Mzinga na matuta ya mwaka 1955

Wadau, neno "matuta" kwa mtu wa Dar lina maana moja tu: yale ya barabarani yanayomrusha abiria wa siti ya nyuma mpaka anagonga kichwa kwenye dari ya daladala. Sasa lichukue neno hilo, panda nalo milima ya Uluguru, kisha litamke mbele ya mtu aliyezaliwa muda mrefu kabla ya uhuru. Utaona uso unavyobadilika. Kule matuta ni jina la faini, jela, vurugu, na mtu mmoja aliyeuawa kwa risasi mwezi Julai mwaka 1955.

Habari hizi nilikutana nazo kwanza chuoni, zikiwa mstari mmoja kwenye orodha ya "vuguvugu la wakulima dhidi ya ukoloni". Ukiujibu vizuri kwenye mtihani unapata alama zako, maisha yanaendelea. Kilichonirudisha kwenye mstari ule ni likizo ya wiki tatu niliyoitumia Mzinga, chini ya miteremko ya Uluguru, pembeni kidogo ya mji wa Morogoro, nikiwa kibarua kwenye bustani ya mboga. Bustani ni ndogo, haifiki ekari moja, na mwenyewe ni bibi wa Kiluguru aliyekwishavuka miaka 70. Hatumii mbolea ya dukani wala sumu ya dukani. Ni mboji, samadi ya mbuzi, majivu, na dawa ya mwarobaini na pilipili anayoiloweka kwenye ndoo na kuifunika vizuri kama pombe.

(Jina la Mzinga lina utani wake. Kuna mzinga wa nyuki na kuna mzinga wa vita, na hapo hapo kuna Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi cha kutengeneza risasi kilichoanzishwa miaka ya 1970. Kwa hiyo ukimwambia mtu "nafanya kazi Mzinga", anakuangalia kwa heshima mpaka aone udongo kwenye kucha.)

Malipo yangu yalikuwa shilingi elfu tano kwa siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, pamoja na uji. Cheo changu, kibarua. Hebu tulisimamie neno hili kidogo maana tunalitamka kila siku bila kulichungulia ndani. Ni barua ndogo, basi. Zanzibar ya karne ya 19 vibarua walikuwa watu wa kukodishwa kwa siku, wengi wao watumwa, ambao sehemu ya ujira wao ilirudi kwa bwana wao. Baadaye, kwenye mashamba ya mkonge ya wakoloni, mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya siku 30, na kila siku aliyomaliza kazi ilitiwa alama. Morogoro yote imezungukwa na historia hiyo. Kingolwira, Tungi, Pangawe, Kimamba, kote huko palikuwa na mkonge. Lakini Waluguru wengi hawakupenda kwenda kuukata. Waliokatwa mikono na mkonge walikuwa zaidi watu wa mbali, manamba, walioletwa na mawakala, na kuanzia mwaka 1944 na ile ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge iliyoitwa SILABU. Mluguru alikuwa na mlima wake, mahindi yake, ndizi zake, na soko la kuuzia chakula. Kwa nini akawe namba?

Nalisema hili mapema kwa sababu linaeleza mengi yanayofuata. Watu wa Uluguru walijua kulima, na walijua vilevile tofauti ya kujilimia na kulimishwa.

Kazi yenyewe sasa. Wiki ya kwanza ilikuwa ya vitalu, kumwagilia na kupalilia: mchicha, figiri, sukuma wiki, chainizi, karoti kidogo, nyanya chungu. Mgongo unauma lakini unazoea. Wiki ya pili Bibi akanionyesha kipande cha juu, chenye mwinuko mkali, akasema tunaweka ngazi. Yaani matuta ya ngazi, yale ya kukata mlima uwe kama vidato. Vifaa vilikuwa jembe, sururu, sepetu, toroli moja ya kuazima, na fremu ya miti mitatu iliyofungwa kama herufi A ikining'iniza jiwe kwenye kamba. Unaitembeza mlimani hatua kwa hatua. Kamba ikitulia katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja, unachomeka kijiti, unaendelea. Vijiti vile vikiisha kupangwa unapata mstari unaokwenda sawa na mlima, ambao maji hayawezi kukimbia juu yake.

Mpaka hapo ni raha. Halafu unachimba.

Kuna jambo moja ambalo Bibi alilisimamia kama polisi wa usalama barabarani. Udongo wa juu, ule mweusi, usichanganyike na wa chini. Kwanza unaukwangua wote na kuuweka pembeni. Ndipo unakata mlima, udongo mwekundu wa chini unausogeza mbele utengeneze ukingo. Ukiisha kusawazisha, unaurudisha ule mweusi juu, unachanganya mboji na samadi, na ukingoni unapanda mabingobingo ili mizizi ishike. Kwa maneno mengine kila tuta unalichimba mara mbili. Kijana mwenzangu wa pale, mzoefu kuliko mimi, alikuwa akinicheka waziwazi. Siku ya nne tulikuwa tumemaliza tuta moja lenye urefu wa basi dogo la abiria.

Nikamuuliza Bibi kwa nini tusichimbe tu moja kwa moja, tukatia mbolea juu. Akajibu, "Mjukuu wangu, ndivyo Wazungu walivyowachimbisha mama zetu. Wakaotesha nini? Udongo mwekundu haukujui wewe ni nani." Yeye mwaka 1955 alikuwa bado mtoto mdogo, lakini mama yake alichimba.

Tuingie kwenye kumbukumbu sasa. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya kikoloni ilishikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Hofu hiyo haikuanzia hapa. Miaka ya 1930 Marekani ilishuhudia mashamba ya nyanda zake yakipeperuka kama vumbi, na maofisa wa Kiingereza barani Afrika wakaanza kuona vumbi lile katika kila mlima unaolimwa na Mwafrika. Ikaja mipango: Usambara kule Mlalo, Sukuma, Mbulu, na huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Sababu ilikuwapo kweli. Milima hii ndiyo chanzo cha mto Ruvu, na miteremko yake ni mikali. Gavana alikuwa Edward Twining, na mpango wenyewe ulikuwa mkubwa: matuta ya ngazi, marufuku ya kuchoma moto mashamba, marufuku ya kulima sehemu fulani. Kwa karatasi, ulikuwa mpango mzuri.

Utekelezaji ulikuwa wa sheria ndogo. Watawala wa Kiluguru waliokuwa kwenye mishahara ya serikali waliamrishwa kuzisimamia, na asiyechimba alipelekwa kwenye baraza, akatozwa faini au akafungwa. Waliochimba waliona matokeo kwa macho yao. Udongo wa rutuba milimani ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi bila kuuhifadhi, unaufukia na kuuacha wekundu juu. Mbolea ya samadi ya kuurudishia uhai ingetoka wapi? Uluguru haikuwa nchi ya ng'ombe. Mahindi kwenye matuta mapya yakatoka manjano, wakati jirani aliyekaidi alikuwa anavuna. Kama wewe ni mama mwenye watoto watano, na kuchimba huku kumekula siku zile za kupanda na kupalilia, utamsikiliza bwana shamba au utayasikiliza mahindi?

Halafu kulikuwa na suala la ardhi, na hapa ndipo naona vitabu vyetu vya shule vinapita mbio mno. Waluguru ni watu wa upande wa mama. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo, ikisimamiwa na mkuu wa ukoo, na inarithiwa kupitia kwa wanawake. Mwanamume mara nyingi alilima ardhi ya ukoo wa mkewe. Asiyekuwa na ardhi ya kutosha aliazima kwa ukoo mwingine na kutoa ngoto, malipo madogo ya kukubali kwamba ardhi ile si yake. Na mwazimaji alikuwa na mwiko mmoja: asipande miti ya kudumu. Mti ukikaa miaka ishirini unaanza kusema "hapa ni kwangu".

Sasa jiulize, tuta la ngazi ni nini kama si mti wa kudumu wa udongo? Aliyeazima akichimba tuta kubwa, mwenye ardhi ataona anajimilikisha, au ataichukua ardhi ikiwa imekwishatengenezwa. Na mwenye ardhi akimwona Mzungu anapima mlima wake kwa vijiti na kamba, atafikiri nini, katika nchi ambayo walowezi walikuwa wakipewa mashamba? Uvumi ukaenea kwamba matuta ni maandalizi ya kuwanyang'anya ardhi. Haukuwa uvumi wa wajinga. Mwaka 1951 tu, kule Meru, watu waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa.

Julai 1955 mambo yakalipuka Matombo, upande wa mashariki wa milima. Umati ukakusanyika kukataa matuta, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Serikali ikauacha mpango mwaka huohuo. Miaka mingi ya maofisa, ramani, semina na vijiti ikaisha katika majuma machache. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata wanachama milimani bila kutumia nguvu nyingi. Na matuta yenyewe yakaachwa mpaka mvua ikayabomoa.

Kuna watu mpaka leo wanasimulia kisa hiki kama ushujaa mtupu, na wengine, hasa wataalamu wa mazingira niliowahi kukaa nao kwenye warsha za hotelini, wanakisimulia kwa kutikisa kichwa: wananchi walikataa kitu chema kwa sababu ya siasa. Mimi, nikiwa na malengelenge mkononi, nasema kuna hesabu ambayo pande zote mbili zinairuka. Ni hesabu ya mgongo. Tuta moja la urefu wa basi, watu wawili, siku nne, na hapo tulikuwa na mboji ya kutosha na mwenye shamba anayejua anachofanya. Mama wa mwaka 1953 alichimba bila mboji, bila ujira, akiwa na mtoto mgongoni, kwa manufaa ya mto ambao maji yake yangenywewa na watu wengine mbali kabisa na mlima.

Tena Waluguru walikuwa na njia zao. Upande wa Mgeta, ambako mboga za kizungu kama kabichi na njegere zilizoletwa na Wazungu zilishika mizizi mpaka zikawa biashara ya wenyeji, watu hulima kwa vidato vidogo vidogo. Unakata magugu na mabaki ya mazao, unayalaza kwenye mstari unaokatiza mlima, unavuta udongo wa juu yake kuyafunika. Magugu yanaoza ndani, yanakuwa mbolea. Msimu ujao unasogea. Havikati mlima kwa kina, havitoi udongo mwekundu nje, na mtu mmoja anaweza. Matuta ya serikali yalipoanguka, vidato hivi vilibaki.

Nisiwe mtu wa kupamba tu. Vidato havikuzuia kila kitu. Mwezi Februari mwaka 1970 mvua kubwa ya saa chache ilipiga Mgeta, na watafiti Paul Temple na Anders Rapp wakahesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Machache mno yalianzia penye msitu. Karibu yote yalianzia palipolimwa na penye majani. Maana yake ile hofu ya wakoloni kuhusu miteremko haikuwa ndoto. Waliuona ugonjwa sawasawa, wakampiga mgonjwa.

Ruka miaka hamsini. Kati ya mwaka 2006 na 2012 hivi, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi upande uleule wa mashariki, eneo la Kibungo, ambapo watumiaji wa maji wa bondeni walichangia kuwalipa wakulima wa mlimani wanaohifadhi udongo. Waliotoa fedha walikuwamo DAWASCO, waliokuwa wakisambaza maji Dar, na kampuni ya soda ya Coca-Cola Kwanza. Na moja ya kazi walizolipiwa wakulima ilikuwa... ndiyo, matuta ya ngazi. Kitu ambacho bibi yako alifungwa kwa kutokukifanya, wewe unalipwa ukifanya. Nilipoigundua habari hii nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kupanga, halafu nikanyamaza. Malipo yalikuwa madogo na mradi ulikuwa na mwisho wake kama miradi yote, lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu wa bondeni kukubali kwamba mgongo wa mtu wa mlimani una bei.

Kilimo hai nacho kikapita mlango huohuo. Jina linasikika la kisasa, la wateja wa supamaketi, lakini hata baba yake wa Kiingereza, Albert Howard, aliyeandika kitabu chake maarufu mwaka 1940 baada ya miaka mingi India, alisema wazi kwamba wakulima wa India walikuwa walimu wake. Kwetu chama cha kilimo hai, TOAM, kilianzishwa mwaka 2005, na mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana kiwango kimoja na alama ya Kilimohai. Morogoro ina bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Sokoine, na kutoka hapo Janet Maro, akiwa bado mwanafunzi, pamoja na Alexander Wostry walianza na kabustani ka mafunzo kalikoitwa Bustani ya Tushikamane, kakakua kuwa shirika la SAT mwaka 2011. Matuta wanayofundisha wakulima wa Uluguru yanakwenda na mboji, matandazo na mboga za kuuza. Hata samadi, ile iliyokosekana mwaka 1953, imepata chanzo: mbuzi wa maziwa wa Kinorwe walioletwa Mgeta mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mkono wa SUA wameenea milimani. Bibi wa Mzinga ananunua samadi kwa gunia kutoka kwa mtu wa mbuzi. Analalamika bei, lakini ananunua.

Je, mboga zake zinalipa? Sijui nikujibuje kwa neno moja. Tulizipeleka Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile jipya lililofunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la machifu wa Kinole waliosifika kwa kuleta mvua. Mnunuzi wa fungu la mchicha haulizi kama umeoteshwa kwa mboji au kwa urea. Anauliza bei, halafu anaomba nyongeza. Wapo wateja wachache wa kudumu, walimu na wauguzi, wanaompigia simu na kulipa kidogo zaidi. Faida yake kubwa Bibi anaihesabu kwa kutotoa: hanunui urea, hanunui sumu, na kiangazi udongo wake unashika maji wakati wa jirani umepasuka. Ila mboji na matuta vinataka mikono, na mikono ni ya vibarua, na kibarua wa elfu tano hawezi kununua fungu kwa bei ya mwalimu. Hilo sijaona semina ikilijadili.

Na lile suala la ardhi halijaenda popote. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki ya kumiliki sawa na mwanamume. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, na mito inayoshuka hapa inaingia bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea kwa maji. Wakati huohuo mji unapanda. Viwanja vinapimwa, vijana wa ukoo wanataka kuuza, na dalali wa pikipiki anapita kila Jumamosi kumsalimia Bibi kwa adabu ya kutisha. "Shikamoo Bibi. Hujabadilisha mawazo?" Bibi anaitika marahaba na kuendelea kumwagilia.

Bustani ina vipande viwili. Cha juu, tulichochimbia, ni cha ukoo wa mama yake, na ana wapwa wa kike watakaokichukua. Cha chini amekodi kwa mwaka mmoja mmoja kwa mtu anayeishi Dar. Cha chini kina mwinuko pia, na mvua kubwa ikija tope linateremka kuelekea mtoni. Siku yangu ya mwisho nilimuuliza kama nacho tutakipigia ngazi msimu ujao.

"Kile hapana," akasema. "Kile panda mchicha."

Mchicha unavunwa ndani ya mwezi mmoja. Tukapanda mchicha.